Mtungi Ung'aao na Kiriba



Ndugu msomaji, ujumbe wa kabila la Abdul-Qays ulipofika Madina kujifunza dini, Mtume wetu (s.a.w.) aliwakataza kuloweka tende katika vyombo vinne: buyu lililokaushwa, shina la mtende lililochongwa, chombo kilichopakwa lami, na hantam, yaani mtungi wa udongo uliopakwa rangi ya kijani ikang'aa kama kioo. Kiriba cha ngozi hakukikataza.

Imam an-Nawawi, katika sharhe yake ya Sahih Muslim, ameeleza sababu. Ndani ya vyombo vile kinywaji huchachuka upesi, na mwenyewe huenda akanywa ulevi asijue. Kiriba ni chembamba. Kinywaji kikigeuka, ngozi hupasuka na siri hufichuka. Baadaye Mtume (s.a.w.) aliruhusu vyombo vyote, likabaki katazo la ulevi wenyewe. Udongo haukuwa na kosa.

Mitungi ya kung'aa si migeni pwani kwetu. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, vimefukuliwa vigae vya mitungi ya kijani-buluu iliyoletwa kutoka Ghuba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Lakini mtungi wa maji wa mama zetu haukupakwa kitu. Hutoka jasho, na kwa jasho hilo maji hupoa. Uliozibwa kwa rangi hautoki jasho, wala haupoi.

Haya nayaandika kwa sababu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinijia baada ya sala ya alasiri. Vitu vya nyumbani vilikuwa vikipotea, na mwanawe hushinda amelala. Nikamwambia, "Msitiri mwanao, dada yangu. Usimwambie mtu, muombee dua." Akanitii. Nyumba ikang'aa kwa nje. Aliporudi kwangu miaka miwili ilikuwa imepita. Unga ulikuwa umemshika kijana, na mdogo wake ameshauonja. Leo wote wawili wako hai, alhamdulillah, na mkubwa hupewa dawa hospitalini kila asubuhi. Lakini miaka miwili ile naihesabu juu yangu.

Kumsitiri Muislamu ni ibada, wala sirudi nyuma katika hilo. Nilichokosa ni kupambanua. Sitara ni kumkinga mtu na ndimi za wasiomfaa. Si kumnyima baba, mjomba na tabibu nafasi ya kumwokoa. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi mzazi, ukiona dalili, usingoje mtungi uchachuke. Mwambie mtu mmoja mwaminifu wiki hii, kisha mpeleke mwanao kwa daktari, na dua iende pamoja naye. Nasi masheikh tukijiwa na mama wa namna hii, tusimrudishe nyumbani peke yake. Tuondoke naye.

Wabillahi tawfiq.