NYUMBA NA AFYA: Daktari Mwanafunzi Anapokuuliza

Juma lililopita mama mmoja mkimbizi wa makazi ya Nakivale alinijia na swali. Mwanawe alikuwa amepasuliwa ngiri. Kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, daktari kijana alifika kitandani na karatasi, akauliza: Nauli ilikuwa kiasi gani? Mlikopa? Mliuza kitu? Mama alijibu yote, lakini moyoni aliingiwa na hofu. "Mwalimu," aliniambia, "mtu anayeuliza habari za mbuzi wangu, hataki kunitoza kweli?"

Swali lake si la kuchekwa. Aliyekimbia nchi yake amehojiwa mara nyingi na watu wenye karatasi, na si kila mara majibu yake yalimletea heri. Nanyi mnaoishi katika kambi za jeshi na polisi mmezoea kwamba mkubwa akiuliza hujibiwa. Kwa hiyo yafaa tuelezane.

Daktari anayesomea upasuaji katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, hajifunzi kushika kisu tu. Katika miaka yake mitatu ya masomo ya juu hana budi kuchagua swali moja, kulifanyia utafiti na kuandika tasnifu. Baadhi ya vijana hudhani kwamba utafiti wa maana hufanyika katika maabara za Ulaya peke yake. Hilo si kweli.

Tukumbuke habari za Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe wa taya. Baadaye akamwona mwingine huko Jinja. Hakupita tu. Aliandikia hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama zimeona uvimbe wa namna hiyo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari wiki 10, yapata maili 10,000, hadi kusini mwa Afrika. Saratani ile hata leo inaitwa kwa jina lake, nayo yaweza kutibiwa kwa dawa. Vifaa vyake vya kwanza vilikuwa macho, kalamu na ramani.

Na hapa Mbarara je? Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambayo ni hospitali ya serikali na matibabu yake ni ya bure. Wagonjwa 295 waliopasuliwa waliulizwa kuhusu gharama. Ilionekana kwamba asilimia 53 ya nyumba zao zilikopa fedha, asilimia 21 ziliuza mali, na katika asilimia 17 mtu alipoteza kazi kwa sababu ya mgonjwa kulazwa. Kisu chaweza kuwa cha bure, lakini nauli, chakula na dawa za kununua nje si bure. Watafiti wasingeyajua hayo kama wagonjwa wasingeulizwa habari za mbuzi wao.

Maswali mengine yapo, yanangoja wa kuyauliza. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianza karibu na mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda. Sasa wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mgonjwa wa huko huchelewa wapi: nyumbani akiamua, njiani akitafuta gari, au hospitalini akingoja zamu? Kidonda chake kinaponaje akisharudi kwenye nyumba yenye maji machache? Katika kazi hiyo kijana aliyelelewa kambini ana akiba ambayo pengine hajaithamini, nayo ni Kiswahili. Wakimbizi wengi wanakifahamu, na lugha ya askari wa Uganda ndiyo hiyo hiyo. Mzazi mwenye mtoto anayesomea udaktari na amkumbushe.

Lakini fursa ya daktari isiwe mzigo wa mgonjwa. Kila utafiti wa namna hii hupimwa kwanza na kamati ya maadili. Nawe, mama au askari, una haki hizi: kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kukataa, au kuacha katikati, bila kunyimwa matibabu, na jina lako kutochapishwa. Mtoto mdogo huombewa ridhaa kwa mzazi wake. Mkubwa wako wa kazi hawezi kukuridhia, kwa maana utafiti si gwaride. Tena una haki ya kuuliza: majibu haya yatasomwa na nani, na yatatusaidia nini?

Na daktari naye ana deni. Akishapata shahada yake, tasnifu isifungiwe kabatini. Na arudi wodini na Nakivale, awaambie waliomjibu alichokigundua.

Yule mama nilimwambia kwamba mbuzi wake hawatozwi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi angeniambia mapema, ningemweleza pia habari za cherehani niliyoiuza. Hiyo nilimficha."

Ndugu msomaji, hesabu ya daktari ilikosa cherehani moja kwa sababu ya maneno machache ambayo mama hakuyasikia, au hakuyaelewa. Tuonane juma lijalo.