Mamlaka ya Serikali si Fimbo ya Mtu Binafsi

Mwezi wa Februari mwaka 2009, huko Bukoba, walimu 19 wa shule za msingi walichapwa viboko kwa amri ya Mkuu wa Wilaya. Makosa waliyotajiwa ni kuchelewa kazini na kuzembea kufundisha hata wanafunzi wao wakashindwa mitihani. Mkuu wa Wilaya hakushika kiboko kwa mkono wake. Aliyekishika ni askari polisi. Taifa zima liliona fedheha, na Rais wa wakati huo, Ndugu Jakaya Kikwete, akamwondoa madarakani mteule wake.

Wengi wetu tulishukuru, tukadhani kwamba shauri limekwisha. Ninalirudia leo si kwa nia ya kumsema tena mtu ambaye alikwisha kuwajibishwa. Ninalirudia kwa sababu lina maswali mawili ambayo kila mtumishi wa umma hana budi kujiuliza. Mkuu wa Wilaya alitoa amri ile kwa mamlaka ya nani? Na askari yule aliitii kwa sababu gani?

Katiba yetu ya mwaka 1977 imegawa shughuli za dola katika sehemu tatu: kutunga sheria, kutoa haki, na utendaji. Sehemu hii ya tatu ndiyo tunayoiita Serikali, na Katiba imeiweka mikononi mwa Rais. Uwezo wake ni mkubwa kweli kweli. Rais huanzisha na kufuta nafasi za madaraka, huteua Waziri Mkuu, mawaziri, makatibu wakuu na wakuu wa mikoa; na katika kazi zake halazimiki kufuata ushauri wa mtu, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Ibara ya 34 inamruhusu kuyatumia madaraka hayo mwenyewe au kuyakasimu kwa watumishi wa Serikali. Ibara ya 35 inasema wazi kwamba kazi zote za Serikali hutekelezwa na watumishi hao kwa niaba yake.

Maneno hayo, "kwa niaba yake", tumezoea kuyasoma haraka haraka. Lakini humo ndimo lilimo jambo lenyewe. Karani anayepokea maombi ya kiwanja, ofisa elimu anayetia saini barua ya uhamisho, askari wa zamu kituoni, wote hao wanatumia kipande cha mamlaka ya Rais. Kwa hiyo mwananchi wa kijijini, ambaye pengine hataiona Ikulu maisha yake yote, anaijua Serikali kwa sura ya ofisa anayemkuta mezani. Akidharauliwa hapo, kwake yeye ni Serikali iliyomdharau.

Hata hivyo, atendaye kwa niaba ya mwenziwe hawezi kuwa na uwezo kumpita yule aliyemtuma. Ikiwa Rais mwenyewe hana mamlaka ya kumlaza mtu mzima na kumchapa viboko bila hukumu, Mkuu wa Wilaya ameyapata wapi? Adhabu ya viboko kwa mtu mzima, pale sheria inapoiruhusu, hutolewa na mahakama baada ya mtu kushtakiwa, kusikilizwa na kutiwa hatiani. Nidhamu ya walimu nayo ina vyombo vyake: mwalimu huelezwa kosa lake kwa maandishi, hupewa nafasi ya kujitetea, na anayo haki ya kukata rufaa. Siku ile Bukoba mtu mmoja alikuwa mshitaki, akawa hakimu, akawa mtoa adhabu. Hayo si madaraka aliyokasimiwa na mtu yeyote.

Madaraka ya namna hiyo tunayajua yalikotoka. Wazee wetu walisimulia habari za boma la Mjerumani na "hamsa ishirini", yaani viboko 25 alivyochapwa mtu mzima mbele ya watoto wake. Baadaye alikuja Bwana Shauri wa Kiingereza, ambaye aliitawala wilaya, akakusanya kodi na kusikiliza kesi, yote hayo mtu mmoja. Mkoloni hakuona haja ya kuyatenganisha madaraka, kwa kuwa hakuwa na mpango wa kuwajibika kwa watu aliowatawala. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, na kuwa Jamhuri mwaka 1962, tulibadili mwenye ofisi. Kuibadili tabia ya ofisi yenyewe kulihitaji muda mrefu zaidi, na kazi hiyo haijakwisha.

TANU iliyaona hayo mapema. Mwongozo wa mwaka 1971 ulimpiga marufuku kiongozi wa Tanzania kuwa na majivuno, dharau na uonevu, ukataka pawepo usawa baina ya kiongozi na anaowaongoza. Lakini onyo peke yake halikutosha. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliokamatwa katika msako wa wauaji waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Maofisa kadhaa walifikishwa mahakamani. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, akiibeba dhamana ya makosa yaliyotendwa na watu walio chini yake. Kitendo hicho hakikumshusha heshima mbele ya umma, kwani mwaka 1985 wananchi walimchagua kuwa Rais. Nao mwaka 1984 tuliingiza haki za binadamu katika Katiba, pamoja na masharti yanayoweka kikomo cha vipindi viwili kwa mtu kuwa Rais.

Wapo watakaosema kwamba nchi maskini haina nafasi ya mambo haya. Kwamba inahitaji Serikali yenye nguvu, na kuulizana vifungu vya sheria ni kuchelewesha maendeleo. Hoja hii haifai kupuuzwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote havikuendeshwa na Serikali legelege. Lakini tutofautishe nguvu na ubabe. Serikali yenye nguvu ni ile ambayo amri yake hutekelezwa kwa namna moja Kigoma na Mtwara, hata ofisa akihamishwa. Panapotawala ubabe, kila wilaya huwa na sheria yake, nayo hubadilika kila anapokuja bwana mpya. Na walimu waliochapwa viboko warudipo darasani, ni somo gani litakaloeleweka zaidi kwa sababu ya viboko vile?

Tutazame mfano mwingine. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka masharti: pawe na hatari kwa amani, pasiwe na njia nyingine ya kuizuia, na sababu ziandikwe. Ofisa aliyechelewa mkutanoni si hatari kwa amani. Mwananchi aliyeuliza swali gumu mbele ya mgeni rasmi si hatari kwa amani. Anayewaweka ndani watu wa namna hiyo ameichukua sheria nusu, akaacha nusu iliyombana.

Hapa ndipo ninapolirudia swali la pili, la askari aliyetii. Nani kati yetu hajasikia, au hajasema mwenyewe, maneno haya: "Ni maagizo kutoka juu"? Juu wapi? Yametolewa na nani, lini, kwa sheria ipi, na yamo katika jalada gani? Katiba yenyewe, katika Ibara ya 35, inataka amri za utendaji zithibitishwe kwa utaratibu uliowekwa. Kwa hiyo mtumishi anayesema kwa adabu, "Mzee, naomba agizo hilo kwa maandishi," hamkaidi mkubwa wake. Anailinda Serikali, anamlinda mkubwa huyo, na anajilinda yeye mwenyewe. Amri halali haiogopi kuandikwa.

Kwa walimu ninalo neno la ziada, na ninaomba radhi likiwa chungu. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu viboko shuleni ziliweka mipaka: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Ni shule ngapi ambazo kitabu hicho kinajulikana kilipo? Mwalimu anayemchapa mtoto bila hesabu wala kumbukumbu, kisha akalaani yaliyotendeka Bukoba, analaani kosa lile lile. Somo la uraia linaeleza mgawanyo wa madaraka ya dola, na mtoto ataukariri apate alama zake. Lakini maana ya madaraka ataijua kwa kumtazama mwalimu anavyoyatumia yake.

Chama kinachounda Serikali nacho hakiwezi kukaa pembeni kikatazama. Wananchi wanapoombwa kura hawatofautishi sana kati ya ilani na Mkuu wa Wilaya. Huuliza walitendewa nini. Kwa hiyo vikao vya Chama vihoji matumizi ya madaraka kama vinavyohoji hesabu za fedha, na visisubiri mpaka Rais alazimike kumfukuza mtu kwa fedheha.

Ibara ya 8 ya Katiba inasema kwamba Serikali hupata madaraka yake yote kutoka kwa wananchi. Basi kila ofisa, kabla hajatia saini au kuinua mkono, na ajiulize kama anaweza kumwonyesha mwananchi aliye mbele yake sheria inayompa uwezo huo. Kama hawezi, na aiweke kalamu chini.