Shule Zetu Zisitegemee Mfuko wa Wengine

Kila asubuhi katika kata ya Mbweni, wilayani Kinondoni, watoto wa mtaa mmoja huagana njiani. Baadhi hupanda magari ya shule za watu binafsi, na baadhi huenda kwa miguu hadi shule ya Serikali. Hatuwaonei kijicho wale wa magari. Lakini zinapozungumzwa fedha za shule za umma, wanaozungumzwa ni hawa wa miguu, maana shule yao ikikosa mwalimu au dawati, hawana pengine pa kwenda.

Watoto wa namna hii nchini kote ndio walioguswa na shauri la mkopo wa Benki ya Dunia. Mwaka 2018 Benki hiyo ilizuia mkopo wa dola milioni 300 uliokusudiwa elimu ya sekondari, kwa kuwa wasichana waliopata mimba walikuwa hawaruhusiwi kurudi katika shule za Serikali. Januari 2020, mkopo uliporudi mezani ukiwa umefikia dola milioni 500, wanaharakati waliiandikia Benki, na Bw. Zitto Kabwe, wakati huo Mbunge wa Kigoma Mjini, naye akaandika, wakiomba fedha zisitolewe kwanza. Shauri likaahirishwa, na mkopo ukapitishwa tarehe 31 Machi 2020.

Maneno makali yalisemwa siku zile, na walioandika barua waliitwa wasaliti. Sisi twaona kwamba hasira ile ilikuwa na haki nusu tu. Ni kweli kwamba kuzuia fedha za shule ili kuishurutisha Serikali ni kumwadhibu mtoto kwa kosa la wakubwa. Tena fedha zile hazikuwa sadaka. Ni deni, nalo litalipwa kwa kodi ya mvuvi wa Mbweni na muuza mboga wa Bunju. Lakini hatuna budi kukiri kwamba fimbo ile tuliichonga wenyewe. Novemba 2021 Serikali iliamua kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliojifungua, waruhusiwe kurudi shuleni. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na ungaliweza kufanywa kabla ya barua yoyote kuandikwa. Tungalimtendea haki binti yetu mapema, mgeni asingalipata neno la kutudai.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi ilipotumia misaada yake kutushurutisha katika suala la Ujerumani ya Mashariki, Mwalimu Nyerere alikataa kuyumbishwa. Miaka miwili baadaye Azimio la Arusha likaonya kwamba fedha za nje haziwezi kuwa msingi wa maendeleo yetu. Na yeyote aliyedhani kwamba onyo hilo limepitwa na wakati, aikumbuke Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje duniani kwa amri moja. Safari hiyo hapakuhitajika barua ya mtu wala kosa la nchi inayosaidiwa.

Basi tufanye nini? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kiwango kilikuwa kile kile, ingawa bei ya chaki na karatasi ilikuwa imepanda mara nyingi. Twasema Bunge lifunge ruzuku hii na bei za sokoni, ili ipande zinapopanda, na ifike shuleni kwa wakati.

Wajibu wa pili ni wa wenye sauti. Mbweni ina wakubwa wa ofisi, mawakili na wafanyabiashara ambao neno lao husikika haraka kuliko la mvuvi. Wengi wao hawana mtoto katika shule ya Serikali, na kwa hiyo shule hiyo haina wa kuisemea. Twawaomba, na wanachama wetu wawe wa kwanza, wahudhurie mikutano ya shule iliyo jirani nao, waulize hesabu zake, na wayapeleke madai yake Halmashauri na Bungeni.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Watoto wanaokwenda kwa miguu asubuhi ni wa taifa hili, na gharama ya kuwasomesha ni yetu sisi kwanza.