Ukuukuu wa Kamba

Wahenga wetu walisema: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kamba iliyosokotwa vyema, hata ikizeeka, huwezi kuilinganisha na ukambaa uliosukwa jana. Leo nataka kuitumia methali hii katika habari ya motokaa, na shahidi wangu, kwa sadfa ya jina, namtoa Ukambani.

Sisi watu wa pwani tuna maradhi yetu. Mtu akipita mbele ya baraza na gari kuukuu tutamcheka mpaka apinde kona. Akija mwengine na gari linalong'ara, tutamwamkia kwa taadhima, hata kama twajua fika kuwa gari lile ni la mkopo, na mkopo wenyewe una riba. Tena hebu tuulizane, huo upya ni upi? Mengi ya magari tunayoyaita mapya hushushwa Kilindini yakiwa yamekwisha tumika Japani, na sheria yayaruhusu kuwa na umri wa hadi miaka 8. Basi tunachekana kwa tofauti ya miaka tu.

Nayasema haya kwa kuwa nami nimo. Mwaka jana nilikuwa na gari dogo la Kijapani, umri wake miaka 20 na ushei. Ilipokaribia Idi nilikuwa na fedha za jambo moja: ama nitengeneze breki zilizokuwa zikilia, ama nilipake gari rangi. Nikalipaka rangi. Rangi huonwa na watu. Breki nani aziona?

Baada ya Idi tukaenda Makueni kumtazama rafiki yangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu aliyesomesha Mombasa, kisha Kitui, na sasa amerudi kwao karibu na Wote. Akataka kutupeleka kwa jamaa zake juu ya milima ya Mbooni, nami kwa kupenda kuonekana nikashikilia twende kwa gari langu. Kupanda tulipanda salama. Katika kuteremka, kona baada ya kona, nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Nyuma alikuwako mke wangu na wajukuu wawili. Mwalimu hakupiga kelele. Alisema, "Shehe, gia ya pili. Sasa ya kwanza. Vuta breki ya mkono, polepole. Liegemeze kwenye ukingo." Gari likajikwaruza ubavu kwenye ukingo wa udongo, likasimama. Kwa kitambo hapakusikika neno ila kilio cha mtoto.

Fundi alipokuja akafungua magurudumu, akatuonyesha. Pedi za breki zilikuwa zimelika mpaka kwenye chuma, na mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa. Alinieleza kwamba mafuta yale hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Breki zikipata moto katika mteremko mrefu, unyevu ule huchemka ukawa mvuke, na mvuke hauna nguvu ya kusukuma breki. Ndiyo sababu yataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama gari halikwenda safari. Miaka yote nimeendesha gari, sikuwa nayajua hayo.

Nyumbani kwa Mwalimu pana Peugeot 504, ile ndefu ya familia yenye safu tatu za viti. Wenzangu wa makamo waikumbuka Pijo. Ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na tena 1978, na katika miaka hiyo ndiyo iliyokuwa teksi ya safari za mbali nchini mwetu. Hii ya Mwalimu aliinunua Kitui kwa mtu aliyekuwa nayo wa pili. Viti vina viraka na rangi imechujuka. Lakini katika kijisanduku cha mbele mna daftari, na humo ameandika kila mara alipobadilisha oili, chujio la hewa, tairi na breki, kwa tarehe na kilomita. Akaniambia, "Shehe, gari langu ni la zamani, lakini breki zake ni za mwaka huu."

Wala nchi ile haina huruma na motokaa. Vumbi jekundu huziba chujio, injini ikawa yala petroli bure. Mawe na makorongo huvunja springi na bushi. Maji ya visima vingi vya Kitui yana chumvi, na ukiyatia katika rejeta siku zote huacha magamba ndani. Siku ya jua kali injini yachemka, na gasketi yaungua. Kwa hiyo mwenye gari kule hubeba dumu lake la maji matamu. Kwetu adui ni mwengine. Hewa ya bahari hula bati kimya kimya, na gari laweza kuwa na injini nzima huku sakafu yake imetoboka. Gari la bara huanza kufa mtambo. Letu huanza kufa mwili. Mwenye kununua kuukuu na alijue hilo. Akinunua pwani, ainame atazame chini ya gari kabla ya kusikiliza injini. Na mwili ukishaliwa na kutu, aliache hata likiwa rahisi.

Mimi sisemi kila kikongwe ni kamba. Methali yasifu kamba, haisifu uzee, na kamba nayo hukatika ikiachwa bila kutazamwa. Nisemalo ni kwamba kwa mtu wa kipato kidogo, gari kuukuu lililolipiwa taslimu ni stara, kwa sharti asihesabu bei ya kununulia peke yake. Kila mwezi aweke kitu cha matengenezo kama awekavyo cha kodi ya nyumba. Aanze na breki, tairi, usukani na taa. Kisha oili na maji. Rangi iwe ya mwisho. Na asiyeweza kuweka hicho kidogo, basi apande matatu, asipakie watoto wa watu.

Chuoni tulisomeshwa habari ya bedui aliyemwacha ngamia wake pasi na kumfunga, akisema amemtegemea Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia amfunge kwanza, kisha ategemee. Nilikuwa nikiisoma habari ile kwa sauti nzuri, na ngamia wangu siku zote hakufungwa.

Sasa nami nina daftari, na breki zangu ni za mwaka huu. Mkwaruzo wa Mbooni ungali ubavuni mwa gari, na barazani wanacheka. Sijaupaka rangi.