Uhaba wa dawa za kupanga uzazi: Anayerudishwa nyumbani haandikwi popote

MWANAMKE anayefika katika zahanati ya umma asubuhi, akiwa amemwachia jirani kibanda chake cha mboga, huwa na haja moja tu: apewe pakiti za tembe za kupanga uzazi zitakazomfikisha miezi mitatu ijayo. Akiambiwa kwamba dawa zimeisha na arudi wiki ijayo, huinuka akaenda zake. Hakuna kitabu kinachoandikwa kwamba alikuja. Mwisho wa mwezi, ripoti ya zahanati hiyo itataja pakiti zilizotolewa, wala haitawataja waliozikosa.

Hicho ndicho kiini cha tatizo ambalo wengi wetu tumezoea kulieleza kwa neno moja tu, “uhaba”, kana kwamba ni kiangazi kilicholetwa na mbingu. Uhaba wa dawa hizi una namna yake ya kujificha, na mtu wa kwanza anayeweza kuufichua ni muuguzi aliyeketi nyuma ya meza ile.

Si siri kwamba kabati zimekuwa hatarini zaidi tangu Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alipotia saini amri ya kusitisha misaada ya Marekani kwa mataifa ya nje kwa siku 90. Shirika la USAID, lililokuwa miongoni mwa wafadhili wakuu wa huduma za kupanga uzazi nchini, lilifungwa rasmi Julai 1 mwaka huo. Mwezi huohuo, serikali ya Marekani ilithibitisha kwamba ilikusudia kuteketeza dawa na vifaa vya kuzuia mimba vyenye thamani ya takribani dola milioni 9.7 vilivyokuwa katika bohari mjini Geel, Ubelgiji. Sehemu kubwa ya shehena hiyo ilikuwa imekusudiwa mataifa ya Afrika, Kenya ikiwemo. Kabla ya hapo, mnamo 2021, Uingereza nayo ilikuwa imepunguza kwa asilimia 85 mchango wake kwa mpango wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu (UNFPA) wa kununua bidhaa hizi.

Lakini itakuwa makosa kudhani kwamba masaibu haya yalianza na Trump. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa jangwa la Sahara kuanzisha mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi, mwaka wa 1967. Wakati wa utafiti wa mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke Mkenya alikadiriwa kuzaa watoto wanane kwa wastani. Kufikia 1998 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 4.7. Kisha gurudumu likakwama. Utafiti wa 2003 ulionyesha kwamba wastani ulikuwa umepanda hadi watoto 4.9, nayo matumizi ya njia za kupanga uzazi miongoni mwa wanawake walioolewa yalikuwa palepale, asilimia 39. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na wataalamu ni kwamba wafadhili walikuwa wameelekeza fedha katika vita dhidi ya Ukimwi, na dawa za kupanga uzazi zikaadimika. Wanawake hawakuwa wamebadili nia. Walikwenda wakakosa.

Utafiti wa mwaka wa 2022 uliweka wastani huo kuwa watoto 3.4. Asilimia 57 ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa: asilimia 20 sindano, 19 vijiti vya mkononi, na 8 tembe. Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa tembe ni asilimia nane pekee, mbona tuzishughulikie kiasi hiki? Jibu ni kwamba aliyewekewa kijiti cha miaka mitatu au mitano hatauhisi uhaba wa leo hadi siku ya kukibadilisha. Anayemeza tembe huuhisi pakiti yake inapokwisha, na hana wiki nyingi za kusubiri lori la Mamlaka ya Usambazaji wa Dawa na Vifaa vya Matibabu (KEMSA).

Sasa turudi kwenye ripoti ya mwezi. Vituo vya afya huagiza dawa kwa kuangalia kiasi kilichotumika awali. Tuchukue mfano wa zahanati iliyotoa pakiti 60 katika mwezi wa siku 30, lakini kabati likawa tupu siku 15 kati ya hizo. Karatasi itasema matumizi ni pakiti 60. Ukweli ni kwamba pakiti hizo zilitoka kwa siku 15 pekee, yaani nne kila siku, na mahitaji ya mwezi mzima yangefika 120. Muuguzi akiagiza kwa kufuata 60, mwezi ujao dawa zitaisha tena katikati, na ripoti itakayofuata itathibitisha tena uongo uleule. Baada ya miezi kadhaa, afisa wa kaunti ataitazama kompyuta yake na kuamua kwamba wanawake wa eneo hilo hawapendi tembe.

Hesabu ya kurekebisha kosa hili si ngeni kwa waliofundishwa kazi ya bohari: gawanya kiasi kilichotolewa kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, kisha uzidishe kwa siku za mwezi. Ili kuifanya, sharti mtu awe ameandika tarehe dawa ilipokwisha na tarehe ilipoingia. Kando ya kadi ya dawa, daftari la kawaida la mwanafunzi linatosha kuandikia waliokosa: tarehe, njia aliyoitaka, na alichoondoka nacho. Jina si lazima. Nambari ya simu ichukuliwe tu akiridhia, tena aulizwe ni saa ngapi apigiwe na ni nani huishika simu hiyo. Wako wanawake wanaopanga uzazi bila mume au mama mkwe kujua, na ujumbe mfupi wa kumwarifu kwamba tembe zake zimefika unaweza kuvunja nyumba.

Daftari, hata hivyo, halizuii mimba. Mgonjwa aliye mbele ya muuguzi anahitaji jibu leo, na mara nyingi jibu lipo.

Jibu jepesi zaidi ni tembe zilezile zenye jina jingine. Wanawake wengi wanazijua dawa zao kwa rangi ya pakiti, na akipewa yenye jina geni hudhani amebadilishiwa dawa. Tembe nyingi za homoni mbili zinazotumika nchini zina vipimo vilevile, mikrogramu 150 za levonorgestrel na mikrogramu 30 za ethinylestradiol, hata kama jina si Microgynon. Kubadilisha hakuhitaji kungoja. Anamaliza pakiti ya zamani na kuanza mpya siku inayofuata. Kuna mtego mmoja tu hapa. Pakiti nyingine zina tembe 28, ambapo saba za mwisho hazina homoni, na nyingine zina 21 pekee. Aliyezoea ya 28 akipewa ya 21 ni lazima aelezwe kwamba atapumzika siku saba, si zaidi, kabla ya kuanza pakiti nyingine.

Ikiwa zilizobaki ni tembe za homoni moja, kama Microlut, zinaweza kumfaa karibu kila mwanamke, mradi azimeze saa ileile kila siku, asichelewe zaidi ya saa tatu, wala asipumzike kati ya pakiti. Hatari huja pale mama anayenyonyesha, aliyekuwa akitumia Microlut, anapopewa tembe za homoni mbili kwa kuwa ndizo zilizoko. Kwa mama anayenyonyesha ambaye hajatimiza wiki sita tangu ajifungue, hilo halifai kabisa, na hata baadaye haipendekezwi hadi mtoto afikishe miezi sita. Vivyo hivyo kwa mwenye shinikizo la damu la 140 kwa 90 au zaidi. Anayetumia rifampicin kutibu kifua kikuu, au baadhi ya dawa za kifafa, tembe huenda zisimkinge ipasavyo. Kwa hivyo kubadilisha si kunyoosha mkono kwenye rafu. Ni maswali manne au matano na mashine ya kupima shinikizo la damu inayofanya kazi.

Anayerudi baada ya kukosa tembe kwa wiki kadhaa hupatwa na kisa kingine. Huambiwa aende nyumbani hadi apate hedhi. Tafiti za miaka ya 1990 hapa Kenya zilionyesha jinsi desturi hii ilivyowanyima wengi huduma. Yako maswali sita yanayokubalika kimataifa ya kuondoa shaka ya mimba, na akijibu “ndiyo” kwa lolote kati yake bila dalili za mimba, anaweza kuanza siku hiyohiyo, akitumia kondomu kwa siku saba za kwanza ikiwa ni tembe za homoni mbili, au siku mbili ikiwa ni za homoni moja.

Kuhusu sindano ya miezi mitatu, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba mwanamke aliyechelewa hadi wiki nne bado anaweza kudungwa bila masharti ya ziada. Katika msimu wa uhaba, wiki hizo nne ni muhimu sana, na ni kosa kumfukuza aliyechelewa siku kumi kwa sababu za nidhamu.

Je, ampe kila mmoja pakiti moja ili wote wapate? Wauguzi wengi hufanya hivyo, na nia ni njema. Lakini pakiti moja humaanisha nauli ya bodaboda kila mwezi, na anayetoka mbali ndiye atakayeacha kwanza. Pakiti zinapotosha, WHO linapendekeza apewe hata za mwaka mzima. Zisipotosha, kwa maoni yangu, anayeishi ng'ambo ya mto apewe tatu na anayeishi mkabala wa zahanati apewe moja, ikiwa maelezo yatatolewa kwa uwazi ili pasiwe na tuhuma za upendeleo.

Kijiti na koili huwaepusha wanawake na misukosuko hii kwa miaka mingi; koili ya shaba hukinga kwa miaka 10 au zaidi. Ila uhaba usigeuzwe kisingizio cha kumsukumia mtu kijiti asichokitaka. Tena kijiti bila glavu, dawa ya ganzi na mhudumu aliyefunzwa kukiweka na kukitoa ni sawa na kutokuwepo.

Anayeondoka bila chochote hujitafutia. Wengi hukimbilia P2 katika maduka ya dawa na kuigeuza njia ya kila mwezi, ilhali ni tembe ya dharura inayofaa zaidi ikimezwa mapema ndani ya saa 72. Wengine huuziwa tembe ambazo hazijasajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kondomu, maelezo ya dakika tano na jina la kituo jirani chenye dawa vingewaokoa wengi. Famasia wa kaunti ndogo ndiye mwenye kujua kituo kipi kina pakiti zinazokaribia kuharibika huku kingine kikikosa, na kuzihamisha kunahitaji simu moja na pikipiki.

Sisi wa vyumba vya habari nasi tuna deni. Dawa za malaria zikikosekana tunaweka kichwa kikubwa. Tembe zikikosekana tunangoja hadi wasichana wapachikwe mimba, kisha tunaandika kuhusu maadili.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inamhakikishia kila mtu huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Kwa miaka mingi dawa hizi zimeachiwa serikali ya kitaifa na wafadhili, huku kaunti, zinazosimamia zahanati tangu 2013, zikisubiri mgao. Kaunti inayotaka kutenga fedha zake itahitaji idadi ya kuitetea mbele ya madiwani, na makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka. Idadi inayosema 60 badala ya 120 itapata nusu ya fedha, na kwa sasa ndiyo iliyo kwenye karatasi za zahanati isiyoandika siku ambazo kabati lilikuwa tupu.