BARUA YA BWANA SHAMBA: Mthamini Anapopima Nyumba Yako

Ndugu msomaji,

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mazao, siyo matofali. Lakini barabara mpya ikitaka kupita kijijini, mimi huitwa nifuatane na mthamini. Yeye hupima nyumba. Mimi huhesabu minazi, mikorosho na migomba. Kwa hiyo nimesimama katika nyua nyingi nikimtazama akifanya kazi yake. Leo nataka kukueleza niliyoyaona. Watu wengi hupokea fidia bila kujua nyumba yao ilipimwa namna gani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo, zinataka mtu anayeondolewa mahali pake alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Hayo ni maneno mazuri. Lakini fedha huhesabiwa kutoka katika fomu. Fomu ikikosea, na fedha hukosea.

Mthamini huanza na ukubwa. Huvuta tepu nje ya ukuta, upande mrefu na upande mfupi. Nyumba ya mita 9 kwa mita 7 ina mita za mraba 63. Wewe uliyejifunza kuzidisha, zidisha pamoja naye. Si utovu wa adabu. Nyumba ni yako.

Kisha hutazama nyumba imejengwa kwa nini, na imejengwa vizuri kiasi gani. Nyumba za vijijini ni nadra kuuzwa, kwa hiyo bei ya soko ni vigumu kuijua. Basi mara nyingi mthamini hujiuliza: kujenga nyumba kama hii leo kungegharimu fedha ngapi? Halafu hupunguza kwa ajili ya uchakavu. Hapo ndipo ubora unapohesabiwa.

Huanza chini. Je, kuna msingi wa mawe, au nguzo zimechimbiwa tu ardhini? Msingi hauonekani vizuri, kwa sababu umefukiwa. Ukuta ndio husema habari zake. Nyufa nyembamba kama uzi katika lipu si jambo kubwa. Lakini ufa unaotoka pembe ya dirisha na kushuka kwa mshazari, mpana hata kidole kikaingia, mara nyingi maana yake msingi umetitia upande mmoja. Lipu ikibanduka sehemu ya chini, na ukuta una unyevu, maji yanapanda kutoka ardhini.

Sasa kuta. Ziko za miti na udongo. Ziko za matofali mabichi, za matofali ya kuchoma, na za matofali ya saruji. Thamani zake hazilingani hata kidogo. Tena haitoshi kusema "matofali ya kuchoma". Yako yaliyoiva na yako ambayo moto haukuyafikia vizuri. Gonga mawili pamoja. Yaliyoiva hulia kama chuma. Yasiyoiva hutoa sauti nzito, na ukucha huyakwangua. Pia kuna kile kinachoyaunganisha. Chomeka msumari katikati ya matofali mawili. Ukiingia kwa urahisi, hapo ni udongo. Ukikataa, pengine ni saruji.

Hapa nataka kusimulia kisa. Tulifika kwa mama mmoja mjane. Nyumba yake ilikuwa imekandikwa udongo nje na ndani, ikapakwa chokaa. Kijana mmoja aliyekuwa akimsaidia mthamini alitazama mara moja, akaandika, "Ukuta: miti na udongo." Mama alikuwa shambani. Alipofika, jembe begani, aliambiwa atie sahihi, maana jua lilikuwa linazama na nyumba nyingine zilikuwa zinangoja.

Mama akasema, "Mwanangu, nipe kwanza niisome."

Alisoma polepole, akifuata kwa kidole. Sote tulisimama tukingoja. Kweli kijana alianza kukasirika. Mama alipofika kwenye ukuta akasimama. "Hapa mmeandika miti. Nyumba hii haina mti ukutani. Marehemu mume wangu na mimi tulichoma tanuru mbili."

Mthamini, mtu mzima mwenye busara, hakubisha. Alichukua msumari akakwangua karibu na mlango. Udongo ukaanguka, na ndani yake likaonekana tofali jekundu, gumu. Alikwangua upande wa nyuma, likaonekana jingine. Akafuta yale maneno, akaandika "matofali ya kuchoma, udongo katikati", akatia sahihi yake pembeni. Mama naye akatia yake. Hakutumia dole gumba.

Mimi nami nilijifunza, maana niliitazama nyumba ile nikaamini ni ya udongo.

Tupande juu ya paa. Nyasi, makuti au mabati? Kama ni mabati, geji ngapi? Wengi hudhani namba kubwa ni bati nene. Sivyo. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Kama una risiti ya dukani, mwonyeshe. Mthamini huangalia kutu pia, na huingia ndani kutazama kenchi. Je, ni mbao au miti? Je, mchwa wamepanda? Kama kuna dari, sakafu ya saruji, fremu za mbao ngumu au nondo madirishani, hakikisha vimeandikwa. Usisahau choo, jiko la nje, banda la mbuzi na kisima. Vitu hivi husahauliwa kwa sababu viko nyuma ya nyumba.

Wako wanaosikia habari za barabara, wakakimbilia kupaka lipu na kuongeza vyumba usiku na mchana. Msijisumbue. Kazi iliyofanywa baada ya siku ya mwisho iliyotangazwa hailipwi, na lipu mbichi hujulikana.

Siku hiyo uwe nyumbani. Ukiwa na safari, mwache mtu mzima anayeijua nyumba. Mthamini awe amesajiliwa, kama inavyotaka Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Unaweza kumwuliza, naye hatachukia. Kiongozi wa kijiji awepo, naye atie sahihi. Usitie sahihi katika fomu yenye nafasi tupu. Omba nakala, au nakili katika daftari vipimo na maneno yaliyoandikwa, pamoja na tarehe. Hesabu ikiletwa baadaye, utakuwa na kitu cha kulinganisha.

Mwezi ujao nitarudi kwenye kazi yangu. Nitaeleza jinsi tunavyohesabu mikorosho michanga na ile inayozaa.

Ni mimi,
Bwana Shamba