Ugonjwa wa Kwato Uchunguzwe Kwenye Damu
Laminaitisi, yaani ugonjwa wa tabaka laini linaloshikilia mfupa wa mwisho wa mguu ndani ya ukwato wa farasi, ulihusishwa kwa muda mrefu na ulaji wa nafaka kupita kiasi na maradhi ya tumbo, na tiba yake ikaishia zaidi kwenye dawa za maumivu na urekebishaji wa kwato. Mwaka 2007 watafiti wa Australia, miongoni mwao Chris Pollitt wa Chuo Kikuu cha Queensland, walichapisha matokeo yaliyobadili mtazamo huo: poni, ambao ni farasi wa kimo kifupi, walipotiwa insulini mfululizo kwenye mshipa hali wakiwa wazima, waliugua laminaitisi katika muda wa saa 72. Insulini, homoni ya kongosho inayoratibu sukari mwilini, ikaonekana kuwa inaweza yenyewe kuleta madhara ikizidi.

Jaribio hilo lilikuwa kali kwa wanyama, na jambo hilo halifai kufichwa; lakini faida yake inapotea iwapo wafugaji wataendelea kusubiri mnyama achechemee ndipo wamwite daktari. Poni na punda, ambao miili yao imezoea malisho haba, hunenepa upesi wakipewa nyasi zenye sukari nyingi, na mafuta yanayorundikana shingoni, ambayo yanaweza kuashiria insulini iliyozidi, huonekana bila darubini. Kipimo cha insulini kiwe sehemu ya uchunguzi wao wa kawaida kabla kwato hazijaanza kuuma, na nafaka wanayopewa kwa mapenzi tu ipunguzwe.